Binti Aliyeitwa Mvua: Chanzo cha Ororo Kisimuliwapo Upya

Jioni moja mjini Mombasa, jua likiwa limekwisha kulegea na upepo wa kusi umeanza kuingia barazani, binti wa dada yangu, msichana wa miaka 13 ambaye akishika kitabu hasikii aitwapo, alinijia na riwaya mkononi, kidole amekitia katikati ya kurasa ili asipoteze alipofika, akaniuliza swali ambalo sikuwa nimejiandaa kulijibu: "Mjomba, huyu Ororo wanasema mama yake alikuwa binti mfalme kutoka Kenya. Mfalme gani?"

Nilimwomba anipe siku mbili. Zilizidi mbili, na makala haya ni sehemu ya jawabu nililomtafutia.

Riwaya aliyokuwa ameishika ni Storm: Dawn of a Goddess, iliyotungwa na Tiffany D. Jackson, mwandishi wa Kimarekani aliyekwisha kujipatia sifa kwa riwaya za vijana kama Allegedly na Monday's Not Coming, nayo ilipigwa chapa mwaka 2024. Ororo Munroe hakubuniwa na Jackson. Alizaliwa katika majarida ya katuni ya Marekani karibu miaka 50 kabla ya riwaya hiyo, ambako hujulikana kwa jina la Storm, yaani Tufani, na kuhesabiwa miongoni mwa wakuu wa kundi la mashujaa liitwalo X-Men. Alichofanya Jackson ni kumchukua shujaa ambaye walimwengu wamezoea kumwona akiwa mtu mzima, amevaa joho lake na kuamrisha umeme na mvua, akamrudisha nyuma hadi siku za ujana wake, siku ambazo hajajijua yeye ni nani wala ametoka wapi, kisha akausimulia mwanzo huo kwa maneno matupu pasipo picha, kwa wasomaji wenye umri unaokaribiana na wake.

Ili tufahamu uzito wa kazi hiyo, hatuna budi kujua kwanza kwamba kundi la X-Men lenyewe lilizaliwa kwa kuukimbia mwanzo. Mwaka 1963 Stan Lee, mwandishi, pamoja na Jack Kirby, mchoraji, walikuwa wamekwisha kutunga mashujaa wengi kwa muda mfupi, na kila shujaa alihitaji kisa cha namna alivyopata uwezo wake: huyu aliumwa na buibui mwenye sumu ya mionzi, yule aliangukiwa na nguvu za bomu, wale wengine walipigwa na miale walipokuwa angani. Lee alisimulia mara nyingi katika maisha yake kwamba alikuwa amechoka kubuni ajali, akaona ni wepesi zaidi aseme kuwa mashujaa hawa wapya wamezaliwa hivyo, basi. Akawaita mutanti, maana yake watu ambao chembe ya urithi imegeuka ndani yao tangu tumboni mwa mama, na alitaka jarida lenyewe lichukue jina hilo. Mchapishaji wake akakataa, akihoji kwamba wasomaji hawatalijua neno, ndipo likaja jina la X-Men.

Njia hiyo ya mkato ilifungua mlango ambao yamkini Lee mwenyewe hakuutarajia. Maadamu uwezo haukutoka nje kwa ajali bali ulikuwamo ndani, ukingoja tu, ulipaswa kuwa na wakati wake wa kujitokeza, na wakati uliochaguliwa ni ule wa balehe. Mara jarida la mapigano likawa hadithi ya kila kijana aliyewahi kuogopa mwili wake mwenyewe. Mmoja wa wale watano wa mwanzo ana mabawa, naye huyafunga kwa mikanda mgongoni na kuyafunika kwa koti kila aendapo mjini, asije akaonekana. Mwingine hawezi kufumbua macho pasipo kuvaa miwani ya pekee, kwa sababu kitokacho machoni mwake huvunja kila anachokitazama. Ni kijana asiyeweza kumtazama ampendaye macho kwa macho. Wote wanafundishwa katika shule ya siri karibu na jiji la New York na Profesa Charles Xavier, mtu asiyetembea kwa miguu lakini asomaye fikra za wengine, na wanawalinda watu ambao aghalabu huwachukia.

Uzuri huo haukuliokoa jarida. Wauzaji hawakuridhika, na tangu mwaka 1970 hadithi mpya zikakoma. Zilirudiwa za zamani tu kwa miaka mitano, kama duka lililofungwa ambalo mwenyewe hajataka kuking'oa kibao. Lilipofunguliwa tena mwaka 1975, kwa kalamu ya Len Wein na michoro ya Dave Cockrum, katika toleo nene lililouzwa kwa senti 50, kundi lilikuwa limegeuka. Wamarekani watano weupe walikuwa wametekwa katika kisiwa cha mbali, na profesa alilazimika kuzunguka dunia akiwatafuta wa kuwaokoa: akampata mmoja Ujerumani, mmoja Siberia, mmoja Kanada, mmoja Japani, mmoja wa asili ya Ireland, mmoja katika watu wa Apache, na mmoja Kenya.

Huyo wa Kenya ndiye Ororo. Ana nywele nyeupe zilizoteremka hadi mgongoni na macho ya buluu, na watu walioshikwa na ukame wamekusanyika mbele yake wakimwomba kama mungu. Ananyanyuka hewani, mawingu yanakusanyika, mvua inanyesha. Kisha anatokea mgeni katika kiti cha magurudumu, anamweleza kuwa yeye si mungu, ni mutanti, na kwamba dunia iliyo kubwa zaidi inamhitaji, ingawa huenda isimpende. Ororo anakubali kwenda. Yote haya yanamalizika kwa kurasa chache mno, kisha hadithi inakimbilia kwa mtu anayefuata.

Inafaa kusemwa kwamba umbo lake lilitangulia nchi yake. Cockrum alikuwa na daftari lililojaa wahusika aliowachora kwa matumizi mengine, na Storm alipatikana kwa kuwaunganisha baadhi yao, mwanamke mwenye tabia za paka akakutana na mtu mwenye mamlaka juu ya hali ya hewa. Sisemi haya kwa kumdharau; alichora kwa mapenzi, na mwanamke Mwafrika mwenye adhama ile katika jarida la Marekani la mwaka 1975 lilikuwa jambo kubwa sana. Lakini Kenya aliyowekwa ndani yake haikuwa Kenya. Ilikuwa nyasi, jua, na watu waliopiga magoti.

Nchini Kenya kweli kuna waleta mvua. Huko Bunyore, magharibi ya nchi, ukoo wa Nganyi umejulikana kwa vizazi vingi kwa elimu ya mvua, na wazee wake hutazama miti inavyochipua, wadudu wanavyohama na upepo unavyogeuka, hata wataalamu wa idara ya hali ya hewa wamekwenda kukaa nao na kulinganisha maarifa. Hakuna awaabuduye. Wanaheshimiwa, wanapelekewa zawadi, na mvua ikikawia lawama ni zao. Mbali zaidi, katika jimbo la Limpopo huko Afrika Kusini, Walobedu wana malkia wao wa mvua, Modjadji, ambaye cheo chake kimerithiwa na wanawake tangu karne ya 19. Makobo, aliyetawazwa mwaka 2003, alifariki mwaka 2005 angali kijana. Mtu akitafakari maisha ya namna hiyo, mzigo wa kutazamwa na watu wote mawingu yanapokataa, ataona kwamba ukweli ulikuwa na hadithi nzito kuliko ile ya kurasa za 1975.

Aliyempa Ororo chanzo ni Chris Claremont, mzaliwa wa London aliyeshika kalamu ya X-Men mwaka huo huo wa 1975 na kuishika kwa zaidi ya miaka 15. Katika toleo la 102, Desemba 1976, alisimulia kwamba baba yake Ororo alikuwa Mmarekani mweusi, mpiga picha wa magazeti, na mama yake, N'Daré, binti wa kifalme wa Kenya. Kwamba mtoto alizaliwa New York, akapelekwa Cairo angali mchanga. Na kwamba mwaka 1956, alipokuwa na umri wa miaka mitano, vita vya Suez vilipoufikia mji, ndege iliiangukia nyumba yao. Baba alikufa, mama alikufa, na mtoto akabaki hai chini ya kifusi, gizani, ubavuni mwa maiti ya mamaye. Tangu siku ile mwanamke anayeweza kuita radi ya mbinguni hawezi kustahimili chumba kilichofungwa. Naliona hilo kuwa mojawapo ya mambo ya kweli kabisa yaliyopata kuandikwa katika majarida yale: mtu awezaye kuijaza mbingu yote, akitolewa jasho na kuta nne.

Baadaye Claremont aliongeza kwamba yatima huyo alilelewa katika vichochoro vya Cairo na mkuu wa wezi, Achmed el-Gibar, akafundishwa kufungua kufuli na kutia mkono mfukoni mwa mtu asihisi; kwamba siku moja alimwibia mgeni mmoja, naye alikuwa Xavier angali kijana; na kwamba alipokua alivuta njia kwenda kusini, hata akafika nchi ya mamaye.

Sasa nirudi kwa swali la barazani. Mfalme gani? Watu wengi wa Kenya hawakuwa na wafalme kabisa. Waliongozwa na mabaraza ya wazee na marika. Waliokuwa na ufalme wanajulikana: Wawanga huko magharibi, ambao Nabongo wao Mumia alifariki mwaka 1949, na miji ya pwani, ambako wenyeji wa Mombasa hadi leo humtaja Mwana Mkisi, malkia aliyemtangulia Shehe Mvita, na Wapate humkumbuka Mwana Khadija, aliyetawala katika karne ya 18. Jina N'Daré halina sauti ya lugha yoyote ya Kenya niijuayo. Mwandishi alihitaji neno "binti mfalme" na neno "Afrika", akayaunganisha, akapita.

Na alipopita aliacha dhahabu chini. Nasema hivyo kwa sababu ya mwaka alioutaja. Gamal Abdel Nasser, rais wa Misri, alitaifisha mfereji wa Suez tarehe 26 Julai 1956, na Israeli ikaingia Sinai tarehe 29 Oktoba, kisha Uingereza na Ufaransa zikaingia vitani na ndege za Uingereza zikavipiga viwanja vya ndege vya karibu na Cairo. Siku nane tu kabla ya Israeli kuingia Sinai, tarehe 21 Oktoba, Dedan Kimathi, kiongozi wa wapigania uhuru wa Kenya, alikuwa amekamatwa katika misitu ya Nyeri. Kenya ilikuwa chini ya sheria ya hali ya hatari tangu mwaka 1952, na maelfu ya watu walikuwa makambini. Basi mwanamke wa Kenya aliyeishi Cairo, aliyekuwa akisikia kwenye redio habari za nyumbani kwao na habari za Suez katika taarifa moja, alikuwa kati ya mikono miwili ya dola moja, Uingereza. Hadithi nzima ya Ororo imo humo. Katika miaka yote hii sijaona mtu aliyeichimba, na kila mwaka unavyopita inakuwa vigumu, kwa maana mashujaa wa majarida hawazeeki: aliyekuwa na miaka mitano mwaka 1956 angekuwa na 73 mwaka 2024, na wachapishaji hawataki Storm ajuza.

Lipo pia jina lake. Majarida yanasema kwamba Ororo maana yake ni uzuri. Nilimweleza msichana wetu hivyo, naye akaenda kumwuliza bibi yake, aliyekuwa akichambua mchele kwenye ungo. Bibi hakuacha kazi. Alinyanyua mkono mmoja wenye vumbi la mchele, akamgusa mjukuu shavuni kwa kidole, akasema: "Ororo ndiyo hii." Naye alisema kweli, kwani -ororo katika Kiswahili ni laini, na kila siku twasema ngozi nyororo na sauti nyororo pasipo kufikiri kwamba tumelitaja jina la mwanamke wa tufani. Iwapo watungaji walilijua neno letu au herufi zilikutana kwa bahati, msichana amekataa kujali. Kwake yeye Ororo anaitwa Laini, na mvua ni kitu chake.

Waliomsimulia Ororo tena baada ya Claremont ni wengi. Claremont mwenyewe alimvua uwezo wake mwaka 1984 na, akisaidiwa na mchoraji Barry Windsor-Smith, akamrudisha Afrika mwaka uliofuata kama mwanamke wa kawaida atembeaye kwa miguu. Na mwaka 1986 akamshindanisha, bila uwezo wowote, na kiongozi wa zamani wa kundi, naye akashinda na kuushika uongozi. Mwaka 2006 Eric Jerome Dickey, mwandishi wa riwaya za mapenzi mzaliwa wa Memphis, alitunga upya ujana wake na kisa cha kukutana kwake na T'Challa, shujaa wa nchi ya kubuni ya Wakanda, na mwaka huo huo wakaozeshwa kwa harusi kubwa katika jarida. Sinema nazo zimempa sura, kwanza ya Halle Berry mwaka 2000.

Riwaya ya Jackson ina jambo ambalo hawa wote hawakuwa nalo, nalo ni nafasi. Jarida lina kurasa 20 na kidogo, na picha hulazimika kwenda mbio; mvua katika picha huonekana kwa nje, mistari ya buluu na mtu amenyoosha mikono. Jackson anamshika msichana Cairo, angali mwizi, akiinamisha macho yake ya buluu na kuficha nywele zake chini ya mtandio ili apite sokoni kama asiyekuwapo, na mvua anaileta kutokea ndani: msichana akikasirika upepo hugeuka, akihuzunika wingu hutanda, naye hajui kwa nini, na kadiri anavyojitahidi kujizuia ndivyo anavyoshindwa. Kiumbe aitwaye Mfalme wa Vivuli, atwaaye roho za watu, anamwandama, na sauti isiyo na jina inamvuta avuke Afrika kuitafuta asili yake. Msichana anayefunga mtandio vizuri asubuhi ili asitazamwe hahitaji kufafanuliwa kitu hapo. Nimemwona binti wa dada yangu akisoma sehemu ile, mkono wake wenyewe umekwenda kichwani bila habari.

Jackson hayuko peke yake. Jason Reynolds aliandika riwaya ya Miles Morales mwaka 2017, Nic Stone akaandika ya Shuri mwaka 2020, na katika kampuni nyingine ya majarida Leigh Bardugo alikwisha kumsimulia Wonder Woman akiwa msichana. Wote wamefungwa na sharti moja: shujaa ni mali ya kampuni, na mwisho wake umekwisha kuandikwa. Mwandishi wa chanzo hawezi kumwokoa N'Daré chini ya kifusi, wala hawezi kumzuia Ororo asije siku moja akaondoka na yule mgeni wa kiti cha magurudumu. Anachoweza kubadili ni maana ya kuondoka kwake. Katika kurasa za 1975 aliondoka kwa sababu aliitwa. Msomaji aliyetembea naye kutoka Cairo anajua kwamba amekuwa akitafuta watu wake tangu utoto, na kwamba shule ile ya New York ni nyumba nyingine katika nyumba nyingi alizojaribu.

Sisi wa pwani tusione kazi hii kuwa ngeni. Fumo Liyongo, shujaa wetu wa kale, amesimuliwa kwa vinywa, kwa nyimbo, na kwa utenzi alioutunga Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, na kila mtoto aliyepita shule amesikia habari za sindano ya shaba na kitovu. Lakini twakijua kifo cha Liyongo kuliko tuujuavyo utoto wake. Sijasoma riwaya ya Kiswahili inayomweka Liyongo mbele yetu akiwa na miaka 13, mrefu kupita wenzake, hajui aweke wapi miguu yake anapokaa mkekani, anaogopa nguvu za mikono yake kila akimshika mdogo wake. Ningeinunua siku hiyo hiyo, na ningenunua mbili.

Binti wa dada yangu aliimaliza riwaya yake kwa siku nne. Siku ya tano alinijia akataka kuuona mwanzo wa zamani, ule wa 1975, nami nikamfungulia kwenye simu. Aliitazama mvua, akawatazama watu waliopiga magoti, akamtazama profesa akiongea na Ororo akikubali. Alirudi nyuma ukurasa mmoja kwa kidole, akasogeza mbele, akarudi tena, kama mtu aliyeangusha kitu.

"Mjomba," akasema, "hapa hakuna aliyemwuliza jina la mama yake."